Deni la Sikio

Jicho lina kope, na kinywa kina midomo; vyote viwili hufungwa na mwenyewe apendapo. Sikio halikupewa mlango. Asiyetaka kuona hufumba, asiyetaka kusema hunyamaza, lakini asiyetaka kusikia hana la kufanya ila kuondoka mahali alipo, na aliyeketi ndani ya gari safarini hata hilo haliwezi. Kwa sababu hii watu wengi hudhani ya kuwa kusikia si tendo, bali ni jambo linalomfika mtu kama mvua imfikavyo mpita njia. Na kwa kuwa hakulitaka, basi halimdai kitu. Dhana hiyo ina sura ya haki. Walakini yastahili kupimwa, maana ikiwa ni ya kweli, sehemu kubwa ya ujirani wa wanadamu haina msingi. Na ikiwa ni ya uongo, wengi hutembea na madeni wasiyoyajua.

Mahali pafaapo kuipimia ni barabara itokayo Songea, ikapita Kitai na Kigonsera hadi Mbinga, kisha ikateremka hadi Mbamba Bay kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, katika Mkoa wa Ruvuma. Kipande cha kwanza ni cha kilometa 100 hivi, na cha pili ni cha kilometa 66. Kipande hicho cha pili kilikuwa tishio la madereva wakati wa masika. Leo kina lami. Mbinga iko juu, katika milima ya Wamatengo, penye baridi, kahawa na maharagwe. Mbamba Bay iko chini, mahali ambapo uso wa ziwa hauzidi sana mita 470 juu ya usawa wa bahari, penye joto, miembe, mihogo, na usipa ulioanikwa juani. Tangu mwaka 2012 ufuko huo ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Wilaya ya Mbinga. Katika safari moja msafiri hubadili hewa, chakula na lafudhi: Kingoni huachwa nyuma, Kimatengo hupokea, na chini ziwani husikika Kimpoto, Kimanda na Kinyasa.

Katika gari la abiria redio haizimwi ovyo. Mwanzo wa safari sauti ni za vituo vikubwa, vyenye habari za serikali, mpira na muziki. Kisha gari hukata kona, kilima kikaingia kati, sauti ya mbali ikakatika, na dereva akitafuta kwa kidole hupata sauti nyingine. Hiyo ni redio ya jamii. Haina haraka wala madaha. Husema ya kuwa fulani wa kijiji fulani amefariki, na mazishi ni kesho alasiri. Kwamba mbuzi wawili wamepotea. Kwamba watoto wapelekwe zahanati kwa chanjo. Kwamba wanachama wa chama cha msingi cha ushirika wakutane siku fulani juu ya malipo ya kahawa. Kwamba mtumbwi ulitoka jana jioni na haujarudi. Abiria mmoja huinamisha kichwa, mwingine huendelea na mazungumzo, wa tatu hucheka lafudhi ya mtangazaji. Baada ya muda mlima mwingine huja, na sauti ile nayo hukatika. Sababu yake yajulikana: mawimbi ya FM huenda karibu sawa na mstari, na kwake mlima ni ukuta. Redio ndogo yenye mnara mfupi haivuki nchi. Huishia mahali macho ya mnara yanapoishia.

Hapo ndipo swali lilipo. Msafiri yule hamjui marehemu, hana mbuzi, si mwanachama, na kesho atakuwa mbali. Amesikia lisilomhusu. Je, analo deni?

Jibu la kwanza ambalo akili huleta ni kwamba hana, kwa kuwa hakuambiwa yeye. Neno ni kama barua: aliyetajwa juu ya bahasha ndiye mwenyewe, na anayeisoma barua ya mwingine hapati wajibu bali hupata aibu. Hoja hii ni nzuri kwa barua, lakini tangazo la redio si barua. Mwanamke anayekwenda kituoni kutangaza msiba wa mumewe hafanyi hivyo kwa ajili ya wale anaojua walipo. Hao amekwisha kuwatumia mtoto au kuwapigia simu. Anatangaza kwa ajili ya wale asiojua walipo: shemeji aliyekwenda kulima mbali, rafiki wa zamani, mdai na mdaiwa wa marehemu. Kwa kuwa hajui walipo, hajui pia ni sikio la nani litakalokuwa karibu nao. Basi tangazo lake halina bahasha, wala si kwa kusahau. Limetolewa kwa kila sikio lililo wazi, kwa matumaini kwamba moja kati ya hayo litakuwa daraja. Miguu yake imeshindwa kufika, naye ameazima miguu ya wasiomjua. Amewakopesha habari yake. Na anayepokea mkopo, ingawa hakuuomba, hawezi kusema kwamba mkono wake ni mtupu.

Ya kwamba habari iliyosikiwa ni mali yenye nguvu, ufuko huohuo una ushahidi wake. Mwezi wa Agosti 1914 Uingereza na Ujerumani ziliingia vitani Ulaya. Katika Ziwa Nyasa kila upande ulikuwa na meli yake. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Nahodha wa meli ya Waingereza, Gwendolen, aliyeitwa Rhoades, alipata habari ya vita na amri ya kushambulia; nahodha wa Wajerumani, Berndt, alikuwa hajapata neno lolote. Watu hawa wawili walikuwa wamezoeana na kunywa pamoja. Mizinga ilipolia, yasimuliwa kwamba Berndt aliingia katika mashua akaiendea Gwendolen kwa hasira, akamwuliza mwenzake kama amelewa. Meli yake iliharibiwa, na yeye mwenyewe akawa mateka.

Kisa hiki husimuliwa aghalabu kwa kuchekesha, na kweli kina kichekesho. Lakini ndani yake mna jambo zito. Siku moja kabla ya habari kufika, wale wawili walikuwa sawa. Habari ilipofika upande mmoja tu, usawa ulikufa kabla ya risasi ya kwanza. Aliyesikia alikuwa na uwezo juu ya asiyesikia, naye aliutumia, maana vita vilimwamuru hivyo. Wakati wa amani uwezo huo haupungui. Hubadilika sura tu. Mnunuzi aliyesikia bei ya kahawa leo asubuhi, akamkuta mkulima nyuma ya mlima ambako redio haikufika, yuko katika hali ileile ya Gwendolen mbele ya meli iliyopandishwa nchi kavu. Aweza kupiga, na hakuna atakayemwita mwizi. Hata hivyo dhamiri yake inajua alichokuwa nacho na mwenzake alichokosa. Basi yule adhaniaye ya kwamba kusikia hakumbadilishi msikiaji na ajiulize kwa nini wafanyabiashara, majemadari na watawala wa zama zote wamegharimia mno kusikia kabla ya wengine.

Ikiwa deni lipo, hulipwaje? Milima ya Umatengo yaweza kufundisha hapa. Wamatengo hulima katika miteremko mikali kwa ufundi uitwao ngoro, ambao umri wake wapita miaka 100. Hukata nyasi, wakazilaza juu ya mteremko kwa mistari inayokatana ili kufanya miraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuifunika nyasi ile. Shamba likawa na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharagwe hupandwa juu ya matuta, na msimu mwingine mahindi. Mvua ikinyesha, maji hayakimbii na udongo kwenda bondeni. Kila shimo hupokea kiasi chake, likakituliza, likakiacha kizame polepole, na kinachozidi hupita kwenda shimo la chini. Shimo la ngoro halikuiita mvua, wala mvua haikunyesha kwa ajili yake peke yake. Walakini mlima wenye ngoro na mlima usio na ngoro hupokea mvua ileile, na baada ya miaka michache mmoja una chakula na mwingine una mifupa ya mawe.

Sikio laweza kuwa mteremko mtupu, na laweza kuwa ngoro. Katika lile la kwanza maneno hushuka kwa kasi, moja likilisukuma jingine, msiba ukifuatwa na wimbo na wimbo ukifuatwa na bei ya mbolea, na mwisho wa safari hapana kilichobaki. Katika la pili neno husimama kidogo. Kusimama huko ndiko kunakotenga kusikiliza na kusikia. Deni la sikio huanza kulipwa hapo, kabla mkono haujafanya lolote. Na malipo yanayobaki mara nyingi ni madogo mno: kumwambia mwenye kibanda cha chai katika kijiji kinachofuata, ambako mawimbi hayafiki, kwamba huko nyuma kuna msiba wa mtu wa jina hili. Au kumwuliza mvuvi aliyeko ufukoni kama ameuona mtumbwi. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Hawakusema kwamba mgeni aje na dawa. Pengine dawa ni neno tu, alilolibeba kutoka nyuma ya mlima.

Wala isidhaniwe kwamba kusikiliza kwa namna hii ni ndoto ya wanafalsafa. Tanzania imepata kukuona kwa macho. Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, na kwa miaka mingi redio ilikuwa sauti moja itokayo makao makuu kwenda vijijini. Sheria ya mwaka 1993 ndiyo iliyofungua njia kwa vituo visivyo vya serikali. Katika zama zile za sauti moja, mwaka 1973, ilifanyika kampeni ya “Mtu ni Afya”. Watu wazima wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya kijijini mwao. Vyoo vilichimbwa, nyasi zilifyekwa, maji yalichemshwa. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Ilisema tu; kilichochimba ni yale mazungumzo baada ya sauti kunyamaza. Tofauti ya redio ya jamii ni kwamba sasa kijiji hakisemeshwi na mji mkuu, bali chajisemesha chenyewe, na mpita njia husikia mazungumzo ya nyumba ya watu. Hilo halimpunguzii adabu ya kusikiliza, lamwongezea.

Hapa pana pingamizi kubwa, na asiyelijibu amefanya mchezo. Ikiwa sikio lina deni, je, wale waliosikiliza redio ya RTLM ya Rwanda hawakulipa deni lao? Kituo hicho kilianza mwaka 1993. Na mwaka 1994, katika siku 100 hivi ambamo Watutsi walio mamia ya maelfu waliuawa, pamoja na Wahutu waliokataa mauaji, kilitangaza chuki, kikataja majina ya watu na mahali walipo. Kilisema kwa lugha ya nyumbani, kwa utani na muziki, kama jirani asemavyo na jirani. Wengi walisikiliza, wakainuka, wakatenda. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani waliohusika na uongozi wa redio hiyo. Basi yaonekana kwamba sikio pujufu, lisilojali, lingaliokoa watu wengi kuliko sikio tiifu.

Pingamizi hili lafundisha jambo ambalo bila yake lingefichika: deni la sikio halilipwi kwa asemaye; hulipwa kwa asemwaye. Katika tangazo la msiba wa Mbinga, asemaye na asemwaye wako upande mmoja, na kumsaidia mmoja ni kumsaidia mwingine. Kwa hiyo ni rahisi kuwachanganya. Katika RTLM walitengana. Jina la mtu lilipotajwa hewani pamoja na mahali alipojificha, kila aliyesikia aliingia deni kwa mtu yule. Aliyekimbia kumwonya au kumficha alilipa. Aliyekwenda na panga hakulipa deni lolote. Alimtii msemaji na kumdhulumu mdai. Na aliyeketi akasema kwamba hayo hayamhusu, naye alibaki na deni lake, ingawa mikono yake ilikuwa safi. Kusikiliza, basi, si kutii. Mtiifu huuliza, “Anayesema anataka nini?” Msikilizaji huuliza, “Anayesemwa anahitaji nini?” Maswali haya mawili yaweza kupata jibu moja kwa miaka mingi, na siku yanapopata majibu mawili ndipo utu wa mtu unapojulikana.

Lipo na pingamizi la pili, dogo kwa sura lakini la kila siku: masikio yamejazwa. Ikiwa kila habari ni deni, nani atalipa? Mtu mmoja asubuhi moja husikia mafuriko ya bara moja, vita vya bara jingine na njaa ya la tatu. Hakika mzigo huo haubebeki, na si ajabu kwamba wengi, walipoona hawawezi kulipa yote, waliazimia kutolipa chochote. Lakini kosa haliko katika sikio peke yake. Liko katika kutolingana kwa sikio na mkono. Redio kubwa hulivuta sikio maelfu ya kilometa na kuuacha mkono nyumbani. Redio ya jamii haifanyi hivyo. Udogo wake, ambao wengi huuona kuwa umaskini, ni rehema: hailetei sikio huzuni ambayo miguu haiwezi kuifikia. Milima ya Umatengo, inapoikata sauti, huonyesha pia mpaka wa deni. Mpaka huo si hoja ya kukataa walio mbali. Ni mahali pa kuanzia kwa yule aliyekata tamaa ya kuanza.

Mpaka wa milima, hata hivyo, si mpaka wa serikali. Gari linapofika ukingo wa mwisho na ziwa likaonekana, hewa hufunguka, maana juu ya maji hakuna ukuta. Sauti za ng'ambo zaweza kuingia, na Mnyasa wa Mbamba Bay aielewa lugha yao, kwa kuwa watu wa lugha hiyo wako Tanzania, Malawi na Msumbiji pia. Juu ya maji hayo serikali mbili zina shauri lisilokwisha: Malawi hushikilia mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890 na kudai maji hadi ufuko wa Tanzania, Tanzania husema mpaka hupita katikati. Shauri hilo ni halali, na wenye kulijadili wapo. Lakini mtumbwi uliopotea hautafutwi kwa ramani. Aliyesikia kwamba kuna watu majini amekwisha kuwa jirani yao kabla hajajua wametoka ufuko upi.

Limebaki fungu moja la wasikilizaji ambalo halina budi kutajwa hapa, nalo ni la wasomi. Kanuni za utangazaji Tanzania hutaka vipindi viendeshwe kwa Kiswahili au Kiingereza. Kwa hiyo Kimatengo na Kinyasa husikika redioni kama maji chini ya mchanga: katika majina, katika mkazo, katika namna ya kuvuta neno la mwisho. Kwa mwanafunzi wa lugha hilo ni karamu. Akipita na daftari lake, husikia tangazo la msiba na kuandika irabu iliyorefushwa. Elimu yataka hivyo, na irabu ile yastahili kuandikwa. Lakini ikiwa ameandika irabu asikumbuke jina la marehemu, amechukua ganda akaacha tunda, na tena ganda la mti wa mwingine. Amemtenda mwenyeji kama mandhari. Kinyume chake, bibi mzee asiyejua Kiswahili vizuri humgeukia mjukuu wake na kumwuliza redio imesema nini. Na mjukuu asiyejua fonolojia humwambia kwa Kimatengo nani amekufa na mazishi lini. Katika jambo hili moja mjukuu yule amemtangulia msomi, maana amelifikisha neno kwa aliyelihitaji. Haifai msomi aache daftari. Yafaa liwe na kurasa mbili, moja ya sauti na moja ya mwenye sauti.

Yote haya hayamtaki mtu awe mtakatifu wala mwendesha wa kila habari. Anayebeba neno hana ruhusa ya kuliongeza, maana habari iliyoongezwa ni uvumi, na uvumi ni mvua iliyovunja matuta. Wala hana amri ya kulia misiba yote. Anatakiwa kidogo tu: asiseme halimhusu kabla hajalisikiliza, alipeleke mbele kadiri ya njia yake, kwa namna alivyolipokea, na anapotakiwa kutenda, amtazame asemwaye kuliko asemaye. Mengine ni ya milima kuyakata.

Sikio halikunyimwa mlango kwa usahaulifu. Nyumba isiyo na mlango ni nyumba ambayo mgeni hawezi kufukuzwa kabla hajasema shida yake. Baada ya kumsikia, mwenye nyumba yu huru kufanya alifanyalo. Lakini hayuko huru tena kusema kwamba hakuna aliyekuja.